Mume wangu alimeza dawa za presha siku akiudhiwa tu, mpaka mtani akamwanzishia msiba akiwa hai

Wakuu, shikamooni kwa wachache mnaonizidi umri, na marahaba kwa wengine wote hata kama hamjanisalimia.

Mnaitana wakuu humu, lakini kwa maandishi yenu najua wengi ni wajukuu zangu. Mimi ni bibi wa Mtwara. Simu nimenunuliwa, akaunti nimefunguliwa, ila kuandika naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Nitakayosema ni kweli tupu, na mwenye shaka aje Mtawanya tubishane uso kwa uso, nitampikia.

Juzi nilisoma uzi wa kijana analalamika baba yake kaacha dawa za presha, eti anajisikia mzima. Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kunichungulia. Mwanangu, hayo niliyaona miaka ya sabini mwanzoni, kabla huyo baba yako hajaota meno.

Mume wangu tumwite Baba Zuhura. Alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo, na mikorosho yake ilikuwa upande wa Naliendele. Mmakonde halisi. Sauti kubwa, kiburi kikubwa zaidi, moyo mzuri. Nilimpenda yule mwanamume, niseme wazi, ndiyo maana alinitesa.

Siku moja kichwa kilimuuma kutwa nzima, akaenda hospitali. Wakamfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, kikajaa upepo, kikambana, kikaachia. Akaambiwa ana presha, akapewa vidonge, ameze kila siku na asiache.

Akarudi nyumbani amechangamka.

"Mama Zuhura, presha wameikamua. Nimeisikia inatoka."

"Na vidonge?"

"Hivyo vya akiba."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa akili ya Baba Zuhura, na si yake peke yake, presha maana yake hasira. Mtu akikuudhi inapanda, ukitulia inashuka. Kwa hiyo kidonge ni cha siku ya kuudhiwa. Nikimwambia ameze kila siku, ananijibu, "Nani anafungua mwavuli ndani ya nyumba?"

Basi nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole.

Nikisema paa linavuja: "Unanipandisha presha." Zuhura akilia: "Mtoto huyu ataniua, leteni kidonge." Ndugu zangu wakija kututembelea: kidonge. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye mihogo, anameza, kisha anakwenda kumwambia mwenye mbuzi, "Mbuzi wako kanimezesha dawa."

Lakini siku nzuri, korosho zimezaa, mimi nimepika papa mkavu wa nazi na chumvi yake haina huruma, bwana hamezi kitu. Anakula, anacheka, anaomba nyongeza.

Na zile siku alizomeza zikaja na kesi nyingine. Vidonge vilikuwa vya kukojosha.

Sasa mwadhini anatia udhu, anafika mlango wa msikiti, kidonge kinamwita uani. Anarudi, anatia udhu upya, kinamwita tena. Waumini wamekaa wanasubiri adhana, adhana iko chooni. Akaapa kwamba Ijumaa hagusi kidonge hata audhiwe na mtaa mzima.

Hapo nilimwonea huruma, maana kwa mtu wa dini aibu ile si ndogo. Angeuliza hospitali wangemwelekeza. Lakini mwanamume yule akaulize habari za mkojo kwa nesi msichana? Thubutu.

(Kuna rafiki yake alikuwa anasafiri kwenda Newala, akaomba cha kutuliza kichwa. Mume wangu akampa hicho hicho, kwani dawa si dawa? Lori lilisimama kila penye kichaka. Yule bwana hakupokea tena kitu mkononi mwa mume wangu, hata tende.)

Ngojeni niepue mihogo, narudi.

Nimerudi.

Ijumaa moja niko uani namenya muhogo, adhana inasomwa. Tulikuwa na raha siku hizo, hakuna aliyemuudhi, kwa hiyo hakuna alichomeza. Sauti yake ikafika katikati, ikakatika.

Nikangoja.

Akamalizia mtu mwingine. Nikatupa kisu nikakimbia na Zuhura mgongoni, kichwa wazi, sijui hata kanga ilianguka wapi. Nikamkuta wamemlaza kwenye jamvi, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto haunyanyuki, ananitazama tu. Wakuu, niliogopa. Nilikuwa na mimba changa, nikajiona mjane.

Mungu mkubwa, hospitali walimpokea akapata nafuu. Mdomo ukarudi mahali pake, mkono ukapata nguvu polepole, ulimi ulipona kabla ya vyote. Daktari akamwambia mbele yangu kwamba presha haingoji uudhiwe, imo hata wakati unacheka, na safari nyingine huenda asiamke. Akaitikia kwa adabu zote.

Akameza. Akapata nguvu. Alipopata nguvu akaacha.

"Nimeshapona, Mama Zuhura. Mzima anameza dawa ya nini?"

Nilimbembeleza. Nikalia. Nikamshtaki kwa kaka yake mkubwa. Kila tukifungua mdomo: "Mnanipandisha presha." Tukisema, tunaogopa kumuua. Tukinyamaza, anakufa mwenyewe.

Hapo ndipo akaingia Bi Abiba.

Bi Abiba alikuwa jirani yetu wa mbele, mkaanga vitumbua, Myao. Kwa msiojua, kwetu Mmakonde na Myao ni watani. Mtani atakusema atakavyo, atakubebea hata kuku wako, na wewe hukasiriki. Ukikasirika watu wanakucheka na faini unatoa. Na msiba ndiyo siku yake hasa. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyotembea na alivyokohoa, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

Mmeona ninakoelekea? Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja ambaye Baba Zuhura hakuwa na ruhusa ya kumkasirikia, naye anakaa ng'ambo ya njia.

Nikamweleza yote huku nalia pale jikoni kwake. Akageuza vitumbua, akaniuliza, "Kanzu yake ya Ijumaa iko wapi?"

Kesho yake asubuhi Baba Zuhura anatoka ndani, anamkuta Bi Abiba kwenye mkeka katikati ya uwanja, kavaa kanzu na kofia yake, anaomboleza.

"Uwii, ntani wangu kaniacha! Kafa, na dawa ziko juu ya kabati!"

Watu wakajaa.

"Abiba, una wazimu? Mimi si huyu hapa?"

"Mmesikia, jamani? Marehemu alikuwa hivi hivi. Mbishi mpaka kaburini."

Akainuka, akatembea mwendo wa mume wangu, tumbo mbele. Akakohoa kile kikohozi chake cha kujiandaa kwa adhana. Kisha akaanza kugawa mali. Mikorosho kachukua yeye. Redio kampa mwenye mbuzi.

"Na huyu njane bado kijana," akasema, ananionyesha mimi. "Nishantafutia nume kule Ufukoni. Ana presha pia, lakini yeye anameza bila kubembelezwa."

Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Baba Zuhura akikasirika, faini. Akajaribu silaha yake ya siku zote.

"Abiba, unanipandisha presha!"

"Inapanda? Haya, leteni sanda!"

Baba Zuhura akanigeukia mimi. "Mama Zuhura, lete maji."

Alimeza mbele ya mtaa mzima. Bi Abiba akavua kofia, akatangaza, "Msiba umeahirishwa. Kesho napita kuangalia."

Na kweli akapita. Kila asubuhi, karai la vitumbua kichwani, anasimama mlangoni kwetu: "Ntani, umemeza, au nianze kulia?"

"Nimemeza, we Myao."

"Fungua ndomo nione."

Hata ile kesi ya udhu aliimaliza yeye. Alikwenda hospitali akamwuliza nesi habari za mkojo wa mwadhini kwa sauti ya kuuzia vitumbua, foleni yote inasikia. Akajibiwa kwamba dawa imezwe asubuhi mapema. Ikawa hivyo, na ikifika adhuhuri mwadhini kamaliza safari zake za uani.

Aliyetangulia kufa akawa Bi Abiba. Homa ya ghafla tu, hata hatukupata muda wa kumuuguza.

Msibani Baba Zuhura alikuja amejitanda kanga ya marehemu, karai kichwani. Akasimama mlangoni kwa wafiwa, akabana sauti: "Ntani, umemeza, au nianze kulia?"

Akajijibu kwa sauti yake nzito: "Nimemeza, we Myao."

Watu walicheka mpaka mtoto wa marehemu akashika ukuta. Mume wangu akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge, akaomba maji, akameza. Akafungua mdomo wazi akageukia chumba alimolazwa Bi Abiba, ili auone. Halafu akakaa chini akalia, na hapo hakuwa anaigiza.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawabeba wajukuu. Kila asubuhi alimezea pale pale mlangoni kwetu na kufungua mdomo, na nje hakuna mtu.

Nilichojifunza ni hiki. Mgonjwa haachi dawa kwa sababu ni mjinga. Anaacha kwa sababu haumwi popote, au dawa inamwaibisha na anaona haya kusema. Kumgombeza ni kupoteza mate. Mkamuulizie hospitali kile anachokionea haya, kisha mtafutieni mtu ambaye hawezi kumkasirikia.

Siku hizi presha ninayo mimi, na mtani wa karibu sina, kwa hiyo nyie humu mtanitosha. Mwageni ya wazee wenu hapo chini, nasoma komenti zote, na matusi nitayajibu.

Ila kabla hujaandika chochote, wewe ambaye vidonge vyako viko juu ya kabati: umemeza, au nianze kulia?