Darubini Fupi ya Mpiga Picha wa Remera

Habari ya kifo chake niliipata Alhamisi, siku mbili baada ya mazishi. Nilipita mtaa wa Remera kuchukua picha zangu za pasipoti, nikakuta studio imefungwa, na muuza vitambaa wa jirani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule bwana ameshazikwa. Kifua kilimsumbua majuma matatu, kikamshinda. Wengi wenu mnaosoma safu hii mmewahi kukalia kiti chake bila kujua jina lake. Alikuwa Mwislamu mpole, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, na riziki yake ilikuwa picha ndogo za vitambulisho: uso mbele, masikio yaonekane, usicheke. Mimi nilimzoea kwa jambo jingine. Mwaka juzi, vita vikiwa vimeshaanza kule kaskazini, aliniomba nimsaidie kuchagua darubini.

Alijua kwamba nilifundisha Kifaransa miaka mingi, kwa hiyo aliniletea katalogi mbili kutoka Ulaya nimsomee. Alitaka kupiga picha za vitu vya angani ambavyo jicho haliwezi kuviona, galaksi na mawingu ya gesi yaliyo mbali mno. Jicho huchoka, alinieleza, lakini filamu hukusanya mwanga kidogo kidogo. Ukiiacha wazi nusu saa itaona usichokiona wewe. Darubini ya lenzi aliikataa mapema, kwani zile alizozimudu huzipaka nyota kingo za buluu. Ikabaki ya kioo cha kuakisi mwanga, na hapo kulikuwa na mbili: moja ndefu na nyembamba, nyingine fupi na nene, yenye stendi nzito ya miguu mitatu. Hata stendi ilimpa kazi, maana Wazungu waliitengeneza kwa anga la kwao. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, mhimili wake hauna budi kulala karibu sawa na ardhi. Akamtafuta fundi wa vyuma amkatie kipande cha kuulaza.

Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Nilijaribu kufikiria bomba fupi, nene, la miguu mitatu, mfano wa mzinga mdogo, limesimamishwa uani kwake juu ya kilima cha Rebero, na askari wakipita chini. Nikamshauri achukue ile ndefu. Aliipima picha kwenye katalogi kwa rula, kisha akasema, "Mwalimu, ile ndefu itataka filamu ikae wazi muda unaozidi mara mbili. Nyota zitanitoroka." Juu ya darubini alikuwa sahihi, na juu ya nchi nilitamani sana niwe nimekosea. Barua ya kuagiza ile fupi niliiandika kwa mkono wangu.

Sanduku lilifika, likafunguliwa, likazuiwa. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja walimwuliza hicho ni kitu gani, naye akaeleza, nami nikaandika barua ya maelezo, kisha nyingine. Tulikwenda mara nne. Mara ya tano alibeba picha aliyoipiga kwa kamera yake ya kawaida kabla ya amri ya kutotembea usiku: njia ya maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, ikivuka anga lote juu ya Rebero. Ofisa, kijana mwenye adabu, aliitazama muda mrefu, akamwita mwenzake naye aione. Kisha akairudisha kwa mikono miwili. "Picha iko nzuri sana, mzee. Mimi naamini wewe. Lakini siwezi weka sahihi. Kesho wakisema ni kitu ingine, ni mimi wataniuliza." Akatuomba tuwe na subira. Nje mimi nilikuwa nimekasirika na sikuwa na mahali pa kuipeleka hasira hiyo. Yeye alisema tu kwamba yule kijana naye ana watoto. Miezi kumi na minne ikapita hivyo.

Nimetafuta mtu wa kumlaumu katika habari hii, nimemkosa. Kila tuliyemwendea alituamini, na kila aliyetuamini aliogopa. Hofu ikishaingia katika mji haihitaji watu wabaya. Inawatumia hawa hawa wazuri, wanaokupa kiti na kukuuliza hali ya nyumbani.

Jumamosi nilikwenda Rebero kumpa pole mjane wake. Nilimwahidi kwamba Jumatatu ningerudi ofisini kulidai sanduku. Alinitazama bila uchungu. "Usijisumbue, Mwalimu," akasema. "Watakwambia mwenyewe aje."

Tumefundishwa kwamba subira huvuta heri, nami nimewafundisha hivyo watoto wa wengi wenu. Sikuwaambia kwamba subira ni ya mwenye kusubiri, aipokee au aikatae mwenyewe. Anayemwambia mwenzake angoje anatumia siku zisizo zake, na hana mkono wa kuzirudisha.