Chungu cha Moto na Meza Nyeupe

Mume wangu alikuwa bwana miti, mtu wa idara ya misitu, na nyumba aliyopewa kazini ilikuwa ya magogo matupu, ukuta kwa ukuta. Majirani, wote waliohamishiwa kijijini pale miaka ile ya ujamaa, waliiita ghala. Mimi niliipenda kwa sababu baridi ya Ufipa iliishia nje. Kasoro yake ilikuwa jikoni, ambako hakukuwa na kitu ila sakafu.

Siku moja akanipeleka Sumbawanga mjini. Dukani tulikuta karatasi mbili tu za fomaika, ile plastiki ngumu ya kubandika juu ya meza, moja nyeupe, nyingine yenye michoro ya mbao. Yeye akashika ya mbao. Nikamwambia, "Nyumba miti, kitanda miti, na wewe mwenyewe bwana miti. Mezani nako unataka picha ya mti?" Mwenye duka alicheka hadi akakohoa. Tukachukua nyeupe.

Fundi aliibandika kwa gundi juu ya meza ndefu, akaacha upenyo kati ya meza na ukuta, kwa kuwa magogo hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Akatuonya tusiisugue kwa majivu wala mchanga, na tusiweke juu yake kitu cha moto. Gundi ikipata moto huachia, fomaika ikafura, na ikishafura haina dawa. Nyingine tungeitoa wapi, wakati hata sabuni ilikuwa ya kutafuta?

Niliifuta kwa kitambaa chenye maji asubuhi na jioni, ingawa sikuwa nimekatia hata kitunguu juu yake. Kwa ukoo wa mume wangu, mke mpya hupika kwa mama mkwe mpaka siku atakapoletewa chungu cha kwanza. Mama mkwe hukileta kikiwa cha moto, akakitua mwenyewe popote anapopenda. Hapo jiko linakuwa lako. Ukimwelekeza pa kukitua umemfukuza. Anageuka na chungu chake, nawe unarudi kupuliza moto wake. Nilikuwa nimeupuliza tangu mavuno, na nilichoka, nasema kweli. Kila mboga niliyounga, chumvi alitia yeye.

Nilimsihi mume wangu azungumze na mama yake kuhusu ile meza.

"Mambo ya jiko hayo," akasema, akachukua panga lake akaenda msituni. Mwanaume mzima! Nilitamani kumrushia mwiko.

Mama mkwe alifika na wanawake wa ukoo nyuma yake, ameshika chungu cha maharage kwa matambara mazito. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Aliyatazama mafiga niliyopanga pembeni, kisha akaitazama meza. Ilikuwa inang'aa, na kosa la kuing'arisha lilikuwa langu mwenyewe.

"Hapa ndipo pazuri," akasema, akaiendea.

Nikisema, jiko limekwenda. Nikinyamaza, meza imekwenda. Chungu kilikuwa kinashuka. Niliinuka nikakinga mikono chini yake, nikakipokea kwa viganja vitupu. Kupokea si kuelekeza. Moto ulinipanda hadi mabegani, lakini nilikifikisha mafigani bila kumwaga hata punje.

Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ni heshima. Mama mkwe hakupiga. Alinishika mikono, akaigeuza, akaona malengelenge yanavyoinuka. Kisha akaipapasa ile meza.

"Hii haitaki moto?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Haitaki, mama."

"Nawe hukuniambia."

"Ningekuambiaje, mama?"

Aliokota matambara yake, akakiinua chungu kutoka mafigani, akatoka nacho nje. Vigelegele vikakatika. Nilisimama na mikono yangu iliyoungua, nikiwa nimekosa jiko na machozi yakinitoka mbele za watu.

"Hodi," ikasikika sauti yake mlangoni.

Hakuna aliyesogea. Mama mkwe habishi hodi kwa mke wa mwanawe.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama," nikasema.

Alisimama kizingitini, chungu kikifuka mvuke usoni pake.

"Mwenye jiko," akasema, kwa nguvu, wote wasikie, "nikiweke wapi?"

Nikamwonyesha mafiga.