Andika Matumizi

Absalom Ogola alikuwa fundi cherehani pale sokoni Kibuye, mashine yake karibu na meza yangu ya omena, dagaa wa ziwani, na mwaka wa 1991 soko zima lilimcheka. Mimi pia nilimcheka. Niseme ukweli mapema nisije nikajifanya mtakatifu.

Mkewe Lornah alikuwa amemwacha, akapanga chumba Kondele. Alikuwa karani, na mshahara wake haukukosa kila mwisho wa mwezi. Pacha wao, Apiyo na Adongo, walibaki na baba yao mtaani Nyalenda. Absalom aliwapikia, akawaogesha, akawasuka ovyo mpaka nikaona huruma nikawa nawasuka mimi. Hayo watu waliyavumilia. Kilichowashinda ni aliposema Lornah naye atoe matumizi ya watoto.

"Mwanamume kudai mwanamke!" nilimwambia. "Huna haya?"

"Haya ninayo, Amolo. Viatu vya watoto ndivyo sina."

Wazee wa ukoo wakaja kwake Jumapili baada ya kanisa, Lornah naye akaitwa. Mimi nilikuwa kwenye jiko napika chai, masikio wazi. Mzee Ochieng, ndugu wa marehemu baba yake Absalom, ndiye aliyeanza.

"Absalom, ng'ombe saba ulitoa. Watoto ni yako. Sasa huyu unamdai nini tena?"

Nilidhani atanywea. Thubutu!

"Ng'ombe nilipeleka kwa baba yake, Mzee. Hakuna siku nilisema hiyo ng'ombe imenunua umama yake. Hawa watoto wako na mama, na mama ako na mshahara."

Wazee wakaanza kufoka wote kwa pamoja. Lornah ndiye aliyewanyamazisha.

"Mbona mimi hakuna mtu aliniuliza? Ni nyinyi mliniambia ng'ombe ilishatoka, sina kitu huku. Mwaka mzima naogopa hata kusalimia watoto yangu! Absalom, nikitoa, nitawaona?"

"Kila Jumamosi. Mama analisha watoto, nani atamfungia mlango?"

Nilisahau chai ikamwagika. Kumbe mwanamke tuliyemwita hana moyo alikuwa amefungiwa nje, na sisi tukicheka. Niliona aibu sana.

Mzee Ochieng akamgeukia kijana aliyeshika daftari la ukoo. "Andika zawadi. Lornah ameletea watoto zawadi." Alitaka isijulikane kamwe kwamba mwanamume wa kwao amelishiwa watoto na mwanamke.

Absalom akaweka kiganja chake juu ya daftari. "Zawadi mtu anaacha siku yoyote anataka. Andika matumizi."

"Yawa, jamani, utatuaibisha!" Mzee akafoka.

"Basi muaibike."

Kijana alikuwa ameshaandika zawadi. Lornah akamnyang'anya kalamu. Akalikata neno zawadi, akaandika matumizi kwa ule mwandiko wake wa ofisini, kisha chini yake akatia sahihi: Mama Apiyo na Adongo.