Chuma, Dume Niliyemwachilia

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka, hapa kibandani kwangu Machakos mjini. Bintiye mdogo hakujali kioo. Shida yake ilikuwa gemu ya kukusanya viumbe. "Nimeweka hawa wawili kwa zizi tangu Jumamosi," akaninong'oneza. "Mbona hawatagi?" Nikatazama mara moja. "Wote ni madume," nikamjibu. Mama mtu akacheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka, lakini kazi ya nusu saa ikanichukua saa mbili, kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshakwenda Kithimani.

Huko ndiko nilikolelewa na susu, mama yake mama yangu. Asubuhi nilichota maji, jioni nilitwanga mahindi ya muthokoi hadi maganda yote yatoke. Ganda moja likibaki nilianza upya, hata susu akiniambia inatosha. Susu alifuga mbuzi, na kila dume aliyezaliwa aliuzwa mapema. "Huyu ni wa kula majani yangu bure," alikuwa akisema. "Hazai, hatoi maziwa, kazi ni kunuka." Jike wetu akitaka dume, tuliomba beberu kwa jirani, na tulimrudisha akiwa ameshiba, kwa heshima, kama mgeni anayesindikizwa.

Jirani huyo alikuwa akipaka rangi nyumba za watu Nairobi. Siku moja tajiri wake alimpa vimashine viwili vya gemu ambavyo watoto wake walikuwa wamevichoka, pamoja na waya wa kuviunganisha. Kimoja alimpa binti yake, wa rika langu. Cha pili alinipa mimi. "Cheza na yeye," akasema, "asikae peke yake." Nilishukuru sana. Sikumwambia kwamba aliyekuwa akikaa peke yake ni mimi.

Gemu ilikuwa ya Kiingereza na hakukuwa na wa kutufundisha, kwa hiyo nilijifunza kwa kukosea, nikiandika kila kitu kwenye daftari la hesabu. Alama ya mshale ni dume, ya msalaba ni jike. Kuna aina zilizokuwa za majike pekee, na nyingine, zilizofanana na mawe na mitambo, hazikuwa na dume wala jike. Ukiacha dume na jike wanaopatana zizini, unapata yai. Dume humrithisha mtoto mapigo yake, yaani mbinu zake za kupigana, lakini mtoto huwa wa aina ya mama, daima. Kanuni hiyo niliipigia mstari mara tatu. Shuleni waliniuliza mimi ni wa ukoo gani, upande wa baba, nami nilijifanya nafunga kamba za viatu. Kwenye gemu hakuna yai lililoulizwa swali hilo.

Nilitaka kupata mtoto mmoja asiye na kasoro hata kidogo. Rafiki yangu, yule binti wa jirani, alikuwa na Chuma, dume, kiumbe wake wa kwanza kabisa, mwenye pigo nililolihitaji. Nikamwomba kama tulivyokuwa tukiomba beberu.

"Wiki moja tu," akasema. "Na asilale njaa."

"Hawa hawali."

"Wewe mlishe tu," akasema, akamtuma kwangu kupitia ule waya.

Mayai yakaanguliwa, moja baada ya jingine, wengi wakiwa madume. Sanduku la gemu la kuwekea viumbe likajaa. Nikafanya nilivyomwona susu akifanya: madume wote waondoke. Nilibonyeza haraka, wa kwanza, wa pili, wa kumi, bila kusoma majina. Na kwa vile niliogopa kupoteza kazi yangu, nilihifadhi kila baada ya kuachilia mmoja. Ndipo skrini ikaandika kwamba Chuma, niliyekuwa nimemtoa zizini na kumweka humo sandukuni, ameenda zake. Kidole changu kilikuwa kimeshahifadhi, na hakukuwa tena na njia ya kumrudisha.

Kwa mwezi mzima nilimwambia rafiki yangu kwamba Chuma bado yuko zizini. Kisha babake akapata kazi ya kiwandani Athi River, na asubuhi moja lori likaja kuchukua vitanda vyao. Akaja mbio na waya mkononi. Nilimpa jike wangu, yule mkamilifu, niliyempata baada ya mayai mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Huyu ni msichana," akasema.

"Ni mtoto wa Chuma. Ni bora kuliko yeye."

"Sijakuitisha bora. Chuma ako wapi?"

"Nilimwachilia. Nilidhani... alikuwa dume tu."

"Na alikuwa ananijua," akasema. Alinirudishia yule jike, akachomoa waya na kuukunja polepole, kisha akapanda lori. Hakunipungia mkono.

Susu hayupo tena. Zizi limekuwa ploti ya mtu, na harufu ile ya beberu iliyonikera sana, siku hizi sikutani nayo popote. Mwaka jana, usiniulize kwa nini, nilijifundisha kufungua faili za gemu ile kwenye kompyuta. Nikamtengeneza Chuma upya: jina lake, alama ya mshale, mapigo yote manne kwa mpangilio wake. Nilimkagua mara nyingi na sikuona kosa. Kuna nafasi moja ya kuandika jina la mtu aliyemlea tangu mwanzo. Nikaandika la rafiki yangu. Namba yake ningeweza kuipata kwa kuuliza watu wawili tu. Bado sijauliza, kwa sababu najua atamtazama na kujua kwamba si yeye.