Jina Alilolitia Sindano Kwenye Orodha

"Sisemi," alisema Sindano, uzi bado uko mdomoni. "Sema wewe, Bibi. Wewe ndiye uliyenichochea."

"Mimi? Kidole kilichobonyeza ni cha nani?"

"Kidole changu, maneno yako."

"Basi kata kidole, na mimi nikate ulimi, tuone nani atapungukiwa. Wangu ulishakatwa mara mbili ukaota tena."

Sindano akakanyaga pedali ya cherehani kwa hasira, na suruali ya mwalimu ikapata mshono mahali ambapo binadamu hahitaji mshono. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Mkewe alitoka saa saba, na alituambia akirudi tu anaufunga Mlango wa Uani, ile tovuti yake, moja kwa moja. Tangazo la kuufunga alishaliandika. Lilikuwa pale kwenye kompyuta yake, meza ya pembeni karibu na majora ya vitambaa, likingoja kitufe kimoja. Na huyu mjukuu wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa na neno moja tu la kusema ili kitufe kile kisibonyezwe. Limemkwama kooni kama mfupa.

"Saa hizi yuko kwa nani?" akaniuliza, kama vile hajui.

"Kwa Fundi Saa."

"Kavaa nini?"

"Lile gauni la mifuko miwili. Ulilomshonea wewe."

Cherehani ikanyamaza. Nikasikia meno yake yakisagana, hata paka akatoka nje kwa kudhani tumeanza kusaga nafaka.

Huyu mumjue vizuri ndipo mumhukumu. Kwa utani wa bibi na mjukuu, Sindano ni mume wangu, na mkewe ni mke mwenzangu. Nasema mapema msije mkadhani nimeanza mambo ya ajabu uzeeni. Nilikuwapo alipozaliwa. Alitoka amekunja ngumi, na mkunga akasema, "Huyu kuna mtu amemkaba huko alikotoka." Alipopewa titi la kwanza, la pili alilishika kwa mkono, asije akapewa mwingine. Dadake alipozaliwa, alilala mlangoni siku tatu ili wageni wakitaka kumwona mtoto wamkanyage yeye kwanza. Wivu wake ungetiwa kwenye betri, mtaa huu usingejua kukatika kwa umeme.

Lakini mikono! Mikono yake haina wivu. Atakushonea koti ukiwa na nundu na watu watasema nundu imehama. Jina la Sindano alipewa na wateja, maana huingia penye kazi ngumu na hutoka bila kuacha tundu. Kibanda chake cha kwanza kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo ukisimama wima unagonga kichwa, ndiyo maana mpaka leo akisalimia anainama kidogo na watu humsifu kwa adabu.

Juu ya ngazi zile palikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Ndipo alipokuwa mke mwenzangu. Alishuka siku moja, zipu ya sketi imekatika, kaifunika kwa faili. Sindano aliitengeneza zipu ile kwa wiki mbili. Zipu! Kila akija anaambiwa bado kidogo. Kufikia mwisho walikuwa wanakula pamoja, na nadhani ile zipu haikuwahi kutengenezwa, walioana tu.

Basi mke mwenzangu kule dukani, kati ya barua na barua, alijifundisha kompyuta mwenyewe. Mnaujua ule mtandao mkubwa ambao watu hutia picha zao, na habari zao, na matusi yao. Mlango wake wa mbele umejaa wachuuzi. Unataka kujua kama shangazi yako amejifungua, kwanza utazame sabuni tatu, mtu anayecheza na nyoka, na dawa ya kuotesha nywele, halafu shangazi mwenyewe unampata mtoto ameshaanza shule. Mke mwenzangu akasema hapana. Akatengeneza tovuti yake ndogo, akaiita Mlango wa Uani. Nyumba si yake, watu si wake, maneno si yake. Mlango tu ndio wake. Unaingia kwa akaunti yako ileile, unakuta habari za watu wako zimepangwa kwa saa zilivyokuja, hakuna sabuni wala nyoka.

Walianza watu kumi na mmoja, na mmoja wao ni mimi. Leo ni elfu nane. Kila Ijumaa ya pili anatoa toleo jipya, na chini yake anaandika lililoongezwa na lililorekebishwa. Mara safu mbili zinakaa bega kwa bega, ndugu huku, majirani kule. Mara umeme ukikatika ulichokuwa unaandika hakipotei. Kuna kitufe cha kukuza herufi kinaitwa Macho ya Bibi. Macho yenyewe ni haya yangu. Nimeambiwa wanaokitumia ni elfu mbili, kwa hiyo sasa nina macho elfu nne, na bado huyu mume wangu alidhani atanificha kitu.

Kila toleo likitoka, wa kwanza kuandika ni Fundi Saa. Hatumjui. Tunajua tu kwamba anatengeneza saa upande wa pili wa mji, na picha yake ni saa ya ukutani. Anajaribu kila kitu kipya, anasema kilichokwama wapi, kisha anasifu. "Safu mbili zimetulia kama saa iliyotiwa mafuta." Mke mwenzangu alisoma hilo mezani, akacheka mpaka kijiko kikaanguka.

Sindano hakucheka. "Mafuta? Mafuta ya nini? Huyu anamtajia mke wangu mafuta?"

"Ya saa, mume wangu," nikamwambia.

"Leo ya saa. Kesho?"

Kesho yake alishusha saa yetu ya ukutani, akaifungia kabatini. Mtu anaionea wivu saa! Tulikula kwa kukisia siku tano, mpaka chakula cha mchana kikakutana na cha jioni mlangoni, kila kimoja kinamwambia mwenzake apite kwanza.

Lililomchoma hasa ni hili, na aliniambia akiwa amegeukia ukuta. Gauni la mifuko miwili lilimchukua siku nne. Kila mshono wa ndani aliufunika, hata pasipoonekana. Alipompa mkewe aliambiwa, "Asante, limenikaa." Fundi Saa kaona kitufe kimesogea upande kidogo, kaandika mstari mmoja, kajibiwa mistari mitatu: asante sana, una jicho kali, bila wewe nisingeona. "Mistari mitatu, Bibi. Nimeihesabu."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoingia. Siku hizo na mimi nilikuwa na langu. Zamani mke mwenzangu alikuwa anakaa nami baada ya kazi, namsimulia nilivyomfukuza fisi kwa ufagio, ananiambia "endelea, Bibi". Siku hizi nikifika kwa fisi, yeye kafika kwa Fundi Saa.

Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa ametoka kwenda kuazima waya wa kuchajia, kompyuta ameiacha wazi. Toleo la kesho yake lilikuwa na jambo kubwa: orodha ya walaghai. Watu walikuwa wamechoka na wauza dawa za maradhi yote na wauza viwanja vilivyo katikati ya ziwa. Kwa miezi miwili alikusanya majina yao, mmojammoja, akiwachunguza. Alishanieleza: ukiandika jina kwenye kile kisanduku, mtu yule anazibwa mdomo. Nilielewa mpaka hapo. Aliendelea kueleza, ila mimi nilikuwa namsubiri amalize nisimulie la fisi.

Nikamwambia Sindano, "Kisanduku kile kinaziba watu midomo."

"Kwa nani?"

"Kwake. Hatamsikia tena."

Akainuka na futi yake shingoni. Akaandika jina la Fundi Saa kwa kidole kimoja, pole sana, kama anayetunga uzi gizani. Akabonyeza. Tukacheka kama watoto walioiba sukari.

Ile ilikuwa orodha ya wote. Ijumaa mchana toleo likatoka, na orodha ikawaka kwa watu elfu nane bila wao kugusa kitu. Kila aliyemtafuta Fundi Saa akakuta kijivu kitupu na maneno: *Mtu huyu amezibwa. Ni laghai.* Kufika jioni wateja wake watatu walikuwa wameshafuata saa zao, hata moja iliyokuwa imefunguliwa, mwenyewe kaibeba vipande kwenye bahasha.

Mke mwenzangu alipopata barua ya malalamiko ya Fundi Saa alimtoa papo hapo kwenye orodha, akaandika kuomba radhi kwa kila mtu. Kisha akatafuta nani alimtia. Akakuta akaunti yake mwenyewe. Alhamisi, saa kumi na dakika sita.

Hakutuuliza. Hilo ndilo lililonikata maini. Haikumpitia hata akilini kutuuliza. Alikaa mbele ya mashine akijiuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Nilimwandika lini? Mbona sikumbuki?" Asubuhi hii akasema, "Mtu asiyekumbuka amemwita nani mwizi hafai kushika mlango wa watu elfu nane." Akaandika tangazo la kufunga. Akavaa. Akaenda kwa Fundi Saa kuomba radhi uso kwa uso.

"Kwa hiyo nimemzuia asimwandikie," alisema Sindano, "na sasa wamekaa chumba kimoja."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Usinipige methali, Bibi, nina donda." Akachukua suruali ya mwalimu, akaanza kufumua ule mshono wa ajabu. "Na ukitazama vizuri, akifunga si ndiyo nafuu? Hakuna Mlango, hakuna Fundi Saa. Atakuwa na nafasi. Utamsimulia fisi wako."

Sitawadanganya, nilimwona fisi yule. Nilimwona amekaa, anasubiri nimsimulie, na mke mwenzangu amekunja miguu kwenye mkeka ananisikiliza. Nikamtamani. Halafu nikakumbuka jana alivyoshika kichwa kwa mikono miwili, akaniuliza, "Bibi, wewe ulianza kusahau ukiwa na umri gani?"

"Mume wangu," nikamwambia, "yule mtoto anadhani akili yake inamtoka."

Akavuta uzi mwingine wa ule mshono.

"Anadhani anaugua. Utamwacha augue ugonjwa wako?"

Mkono ukasimama juu ya kitambaa. "Nikisema ataondoka."

"Huenda."

"Huenda? Ndiyo faraja yako hiyo?"

"Ungetaka uongo ningekupa, ninao wa kutosha. Njoo hapa."

Nikachukua mtandio wa mke mwenzangu msumarini, nikajifunga. Nikakaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, mgongo wima kama anavyokaa yeye. "Haya. Mimi ndiye yeye. Nimerudi. Niambie."

"Bibi, acha mchezo."

"Bibi ni nani? Mimi ni mkeo, nina gauni la mifuko miwili na miguu inaniuma. Sema upesi."

Akasimama, akauma mdomo. "Mke wangu, kulitokea hitilafu..."

"Nimekuacha. Anza upya."

"Mke wangu, unajua Bibi ana maneno..."

"Nimekuacha, na mahari sirudishi. La Bibi liweke mwisho, tena liseme kwa heshima. Upya."

Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. Akaitoa futi shingoni, akaikunja, akaikunjua. Akaja akasimama mbele yangu, mgongo kaupa mlango, ameinama kidogo kama vile bado yuko chini ya zile ngazi.

"Ni mimi niliyemwandika Fundi Saa," alisema. "Alhamisi, ulipokwenda kuazima waya. Nilidhani unazibwa wewe tu usimsome. Sikujua ni watu wote. Lakini tangu jana nimejua, leo kutwa nzima nimejua, na nimekuona unajiuliza kama umepungukiwa akili, nikanyamaza."

"Kwa nini?" Sauti ilinitoka kama ya mke mwenzangu kweli, mwenyewe nikashtuka.

"Nilitaka ufunge. Yeye hajanikosea kitu. Ila ukisoma neno lake unacheka, na kazi yangu unaivaa tu, kama vile imeota mwilini. Nilikuwa nataka siku moja uigeuze nguo ndani nje, uone." Akapangusa uso kwa kitambaa cha mwalimu. "Usiufunge Mlango. Akili yako haina kasoro. Mwenye kasoro ni mimi. Nitakwenda mwenyewe kwa Fundi Saa, na nitawaandikia hao elfu nane kwa jina langu."

Nilitaka kumwambia hapo hapo amepata, asiongeze wala asipunguze. Sikuweza. Nyuma ya bega lake nilikuwa nimeona pazia la mlango limesogezwa, na mkono umelishikilia.

"Bibi?" akasema Sindano. "Mbona kimya? Hapo je, ungeniacha?"

Mke mwenzangu aliingia hatua moja, viatu mkononi. Sindano akaona macho yangu yanakoangalia, akageuka.