Maua ya Pareto Midomoni mwa Wageni

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu wa kijijini kwetu Bahati, maana huko kisa hiki kimeongezwa chumvi mpaka hata mimi sikitambui: ndiyo, ni mimi niliyeharibu sherehe ya anti yangu kwa vikombe, ndiyo, nilipiga kelele mbele ya watu, na hapana, hakuna aliyekufa.

Kazi yangu ni kufinyanga vikombe na sahani, kuvichora maua na kuviandika majina kwa brashi. Naifanyia kwenye stoo ya mahindi ya Baba, na Baba (mtu wa maneno machache, lakini akisema amesema) alikuwa ameniambia wazi, "Njeri, mahindi yanakaribia kuvunwa. Sherehe ya Rahab ndiyo itaamua. Watu wakipenda vikombe vyako na kazi ikaja, stoo ni yako. La sivyo utatoa matope yako, mahindi yaingie." Rahab ni dada yake Baba, mwalimu aliyekuwa anastaafu, na vikombe vilikuwa zawadi zake kwa akina mama wa chama chake na jamaa wa karibu. Nikasema moyoni, hiyo stoo sitoki, hata mnitoe na ng'ombe wa kukokota.

Basi nikakaza. Kila kikombe nikakizungushia maua ya pareto mdomoni, meupe yenye kitovu cha njano, kwa sababu shamba la pareto ndilo lililomsomesha Anti, na chini ya maua nikaandika jina la mwenyewe kwa herufi za kupinda, na nikikosea mkunjo mmoja nafuta, naanza tena. Kukabaki kitu kimoja tu, kuvirudisha kwenye tanuri langu la stima, maana rangi hizi zisipopata moto ni unga tu uliokaa juu ya kikombe, ukipitisha kidole unatoka nao. Stima ikapotea. Asubuhi hakuna, jioni hakuna, wanasema transfoma imeungua, na sherehe ni kesho.

Mtu mwenye akili angemwambia Anti vikombe vitachelewa. Mimi nilienda kwa fundi wa viti pale senta, nikaomba vanishi kidogo, ile ya kung'arishia mbao, nikapaka juu ya maua, na wallahi viling'aa mpaka nikajipiga picha navyo. Nikajiambia, si ni zawadi, vitafungwa kwa karatasi, wataenda navyo nyumbani, stima ikirudi nitapita nikivikusanya kwa ujanja fulani. (Ujanja gani? Sikuwa nimefika hapo.)

Siku ya sherehe, tenti imejaa, sufuria la chai linatoa mvuke, na vikombe vya kukodi havijafika. Akina mama wakaanza kunong'onezana. Ndipo Baba akasimama, Baba huyu huyu wa maneno machache, akarekebisha koti, akasema, "Kwani tunahangaika na nini? Fungueni zawadi. Leo tutakunywa chai na vikombe vya msichana wangu."

Watu wakapiga makofi. Baba hajawahi kunitaja mbele ya watu hivyo, na mimi badala ya kusema ukweli nikasimama pale nikitabasamu kama mtu anayeumwa na jino. Nikajaribu, "Si tungeanza na soda?" Mama Chebet, jirani yetu, akanigeukia, "Soda na hii baridi? Wewe mtoto, mimina chai!"

Nikamimina. Chai ilikuwa moto wa kuunguza, na ile vanishi ilikuwa haijakauka vizuri. Anti Rahab akashusha kikombe, nikaona ua zima la pareto limekaa juu ya mdomo wake. Mama Chebet akafungua kiganja, jina lake liko humo, limegeuka nyuma mbele. Na kule mbele Baba ndiyo anainua chake.

"Msinywe!" nikapiga kelele. "Msinywe hiyo chai!"

Woi. Mtu akatema, mwingine akatema, wapishi wakatoka jikoni na mwiko wakiuliza chai yao ina nini, na Mama Chebet akajigusa mdomo, akaangalia kidole, akalia, "Ni pareto! Huyu msichana ametulisha pareto!" Sasa jueni, kwetu hakuna asiyejua pareto ni dawa ya wadudu, sote tumekua tukiwapaka kuku wenye viroboto. Watu walikimbilia tanki la maji na suti zao, mzee mmoja anaitisha maziwa, pasta ameshaanza kuomba.

Anti Rahab akagonga meza kwa kijiko. "Kimya! Njeri, njoo hapa mbele. Sema."

Nikaenda mbele kama mtoto wa darasa la pili, nikasema yote, stima, rangi, fundi wa viti. Nikawaambia pareto ni ya kuchorwa tu, lakini vanishi ni vanishi, tafadhali mwageni. Mama Chebet, bado ana masharubu meupe, akaniangalia sana. "Kwa hivyo mimi nimekunywa kiti?"

Tenti ikapasuka kwa kicheko, hata pasta. Baba peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini, akapanguza mdomo kwa leso, akatoka akaelekea shambani, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko cha wote.

Lakini mimi sikulala nikilia. Nilipita meza kwa meza nikavikusanya, nikavikwangua kwa wembe mpaka vidole vikatoka damu, nikachora upya maua yale yale na majina yale yale, na stima iliporudi nikavichoma. Halafu nikawasha jiko nje mbele ya Baba, nikavichemsha kwenye sufuria, nikavisugua kwa waya. Akachukua chake, akakikwaruza kwa ukucha, akakikwaruza kwa ufunguo. Ua halikutoka. Akasema, "Mm," akaenda zake. Nikavirudisha nyumba kwa nyumba, na kwa Mama Chebet ilibidi ninywe mimi kwanza. Tangu hapo hakuna kikombe kinachotoka kwangu kabla sijakinywea chai ya moto mwenyewe, na vanishi nimewaachia watu wa viti.

Kazi ya maana haikuwa imekuja mahindi yalipovunwa. Nilisikia trekta likiingia, nikaanza kufunga brashi zangu, macho yananiwasha. Nikangoja magunia yaletwe, sioni mtu. Nikaenda kuangalia nyumbani. Sebule yote ilikuwa mahindi, mpaka dirishani, na Baba ameketi katikati ya magunia mawili, magoti yamembana, anakunywa chai kwenye kikombe cha pareto.

"Unasimama hapo ukiangalia nini?" akaniuliza. "Huku hakuna nafasi. Rudi kazini."