Mashine ya Mikono ya Mwanahalima

Abdalah Mshamu alikuwa mganga msaidizi katika zahanati moja karibu na Kibiti, na watu walimwita Dokta bila kumuuliza kama anataka. Alizaliwa kijiji cha Mtawanya kwa wakulima wa korosho, akaenda kusomea uganga, akarudi nyumbani. Aliwatibu Wandengereko wenzake malaria, kichocho na majeraha ya jembe, na waliopona walimletea ndizi za shukrani. Aliyemshinda alikuwa binti yake mwenyewe.

Mwanahalima alikuwa na sikoseli, maradhi ya damu ambayo mtoto huzaliwa nayo. Siku njema aliongea kama chiriku. Siku mbaya maumivu yalimwingia mifupani, vidole vikamvimba, akalia mpaka sauti ikamkauka. Baba mtu alimpa vidonge na maji mengi, kisha akakaa kumtazama, maana hakuwa na la zaidi. Huko Dar nako, hospitali kubwa, walimwambia yale yale aliyokuwa akiyajua. Majirani wakanong'ona, dokta gani huyu asiyeweza kumponya mwanawe. Majirani bwana! Midomo yao ingekuwa dawa, Kibiti nzima isingeugua hata mafua.

Mwanahalima alipofikia umri wa kucheza rede na wenzake, kukimbia na kukwepa mpira, magoti yakakataa. Akawa wa kukaa barazani na kuwashangilia wengine. Ndipo sikukuu moja ya Idi alipoona mashine ya gemu imefungwa kwenye runinga ya mwenye duka, watoto wamejazana kama nzi kwenye embe. Usiku ule hakutaka hata pilau.

"Baba, ninunulie kama ile," alisema. "Ile naweza kucheza nimekaa."

Abdalah akapanda basi kwenda Dar kuitafuta.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, na Kariakoo vitu vya Dubai vilimwagika mpaka barabarani. Muuzaji mmoja aitwaye Dulla akamwekea mashine mbili mezani. Moja mpya, ya sidii, nyeusi, picha zake kama watu wa kweli. Nyingine ya kaseti, nyepesi kama sahani ya plastiki, na watu wake kwenye kioo wameungwa kwa vijiraba.

"Hii ya kaseti imeshapitwa na wakati, mzee wangu," Dulla akasema. "Mchukulie mtoto kitu cha maana, akuombee dua."

Na Abdalah aliitaka ile mpya, tena sana. Aliona haya kumpelekea mtoto mgonjwa kitu cha hali ya chini. Lakini alifungua mkoba, akatoa bandeji, akajizungushia vidole vya mikono yote miwili mpaka vikanenepa kama ndizi. Kisha akaomba ajaribu pedi, vile vishikio vya kuchezea. Waliokuwa dukani wakacheka. Yeye hakucheka.

Pedi ya mashine mpya ilikuwa na vitufe mbele na nyuma, na kila alipokusudia kimoja alibonyeza vitatu. Ya kaseti ilikuwa na kimsalaba upande mmoja na vitufe viwili vikubwa upande wa pili. Ikamtii. Tena iliweza kutumia betri ya gari, iliyokuwa ikiwasha runinga yao ndogo, maana umeme kwao ulikuwa bado.

"Nani anaumwa?" Dulla akauliza, kicheko kimemwisha.

"Mwanangu."

"Basi chukua hiyo hiyo."

Wiki za mwanzo nyumba iligeuka uwanja. Mke wa Abdalah, Biasha, aligomba kwa mikeka iliyokanyagwa, lakini hakumfukuza mtu. Mwanahalima aliwafunga wavulana wakubwa, akawatania, akawapanga foleni. Wale aliozoea kuwashangilia sasa walimbembeleza awape zamu. Abdalah alikuwa uani akitia udhu, akimsikia binti yake akijigamba, akatabasamu peke yake kama mwehu. Alikuwa na furaha, basi.

Kisha masika yakaja na baridi yake, na maumivu yakaja. Safari hii yalishuka mikononi.

Pale dukani Abdalah alikuwa amefikiria uvimbe. Hakufikiria kwamba ngozi yenyewe itakataa kuguswa, kwamba hata kanga ikimpitia vidoleni mtoto atapiga ukelele. Akampa vidonge. Akampa maji. Biasha akapasha kitambaa moto, mtoto akakikataa. Abdalah akakaa.

Mwanahalima alikuwa amelala kwa ubavu, akiitazama runinga iliyozimwa.

"Baba, nichezee wewe. Mimi nitakuelekeza."

Akawasha. Kijitu kidogo kikatokea kwenye kioo.

"Huyo ndo mimi," binti akasema. "Nipeleke polepole. Ukifika shimoni, ruka."

Abdalah akabonyeza akiwa amechelewa. Kijitu kikatumbukia.

"Umeniua, baba. Lakini roho za mchezo bado ninazo. Haya."

Safari hii akawahi mno. Vidole vile vile vilivyoweza kuutafuta mshipa wa kichanga kwa mwanga wa kibatari na kuupata, sasa vilishindwa na vitufe viwili tu. Biasha alisimama mlangoni, akageuka, akaondoka.

"Umeniua tena," Mwanahalima akasema. Hakuwa na hasira. Alifumba macho, maumivu yakampitia, akayafumbua. "Anza upya, baba."

"Nisamehe, mama," Abdalah akasema, akaanza upya.